Dirisha Halina Shangazi

Watu wa Kitale wakimtaja yule mzee hupunguza sauti kwa heshima. Mimi nikimtaja hupunguza yangu nisije nikatukana. Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo kila mtu alivyomwita, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lake, na jina lake halisi sitaki likae kinywani mwangu. Nilipomjua alikuwa ameshastaafu ualimu mkuu, na kazi aliyoianza uzeeni ilikuwa kuwasaidia watu kupata pasipoti na viza. Nimemchemshia chai miaka mingi, nikiwa mama chai wa pale nje ya ofisi yake. Namchukia hadi leo. Lakini nitamsema kamili, mazuri yake na mabaya yake, kwa sababu mtu ukimsema nusu watu watasema una wivu.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, kati ya fundi cherehani na mama msusi. Zamani chumba hicho kilikuwa kioski, kwa hiyo kilikuwa bado na dirisha la kuuzia, lenye wavu wa chuma na tundu dogo la kupitishia paketi ya sukari. Mwingine angeung'oa ule wavu apate hewa. Mwalimu aliuacha makusudi. Alikaa nyuma yake na koti la suti na kofia ya pama ya kijivu, na mwenye shida alisimama upande wa pili, juani.

"Hapa ndipo Nairobi," alikuwa akisema. "Ukishindwa kusimama mbele yangu, mbele ya mzungu utasimama na nini?"

Hapo ndipo alipofanyia watu mazoezi ya mahojiano ya viza. Nilimwona siku moja akimkaanga mzee mmoja wa Ndalu, mkulima wa mahindi, aliyetaka kwenda Amerika kumwona mjukuu.

"Utarudi Kenya?" Mwalimu akauliza kwa sauti ya puani.

"Mungu akipenda, nitarudi."

"Toka! Anza upya! Mungu hajaomba viza. Ni wewe. Utarudi?"

"Nitarudi."

"Kwa nini?"

"Si niko na ng'ombe, Mwalimu."

"Leo asubuhi nani amekama hizo ng'ombe?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Basi sema hivyo! Ati Mungu akipenda. Sema, mimi ndiye hukama, nisiporudi ng'ombe zitalia."

Fundi cherehani aliacha kushona akacheka mpaka akashika tumbo. Yule mzee alienda Nairobi, akasema habari ya ng'ombe, akapewa viza. Sifa zikaenea mpaka Chwele.

Mwalimu alikuwa na misemo yake. Mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: dirisha halina shangazi. Kwetu msichana akiposwa, shangazi ndiye humsemea. Yeye husimama, hujibu, hukataa, hubembeleza, na bibi arusi huinamisha kichwa tu. Mwalimu alitaka watu waelewe kwamba kwenye dirisha la viza hakuna wa kukusemea. Utasimama peke yako na ulimi wako. Niliupenda msemo huo, nikiri, na siku hizi nautumia mwenyewe.

Msemo wa pili ulikuwa "rudi Jumanne." Ukija Jumatatu, rudi Jumanne. Ukija Jumanne yenyewe, rudi Jumanne ijayo. Sababu hakuitoa. Nadhani alipenda tu kuona mtu akiondoka na kurudi, kama mtu anayefungua na kufunga redio kuona kama bado inamtii. Hela hakuzijali sana. Alichokula ni heshima. Alitaka uvue kofia, umsalimie kwa mikono miwili, uulize habari ya mguu wake unaouma, ndipo useme shida yako. Aliyeanza na shida alikuwa amejifukuza.

Na mtu huyu aliyewafundisha wengine njia ya ndege hakuwahi kupanda ndege. Mwisho wake wa dunia ulikuwa Lwakhakha. Alivuka pale kwenda Uganda kununua kahawa, bila karatasi yoyote, kama watu wote wanavyovuka. Hata hivyo alikuwa na pasipoti yake mwenyewe, mpya kabisa, haina muhuri hata mmoja, ameifunga kwa nailoni. Aliitoa kuonyesha wateja jinsi ya kuishika. "Si kama kuku," alikuwa akisema. "Kama Biblia."

Wema wake nao niuseme, ingawa unaniuma. Kulikuwa na mwanamke wa kule Lwakhakha mwenye mtoto mgonjwa wa moyo, aliyetakiwa kupasuliwa ng'ambo. Mwanamke hakujua kusoma. Mwalimu alifunga ofisi, akamsindikiza Nairobi, akasimama naye kwenye foleni, akagombana na makarani kwa niaba yake. Hakumdai hata sukari. Mtoto aliporudi amepona, nilimwona Mwalimu akigeuka ukutani ajifute macho kwa ile kofia. Huyo alikuwa yeye yule. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba hakujua alichotufanyia. Alijua kusaidia. Alijua vizuri sana.

Mila pia alizijua, na alizishika kuliko wazee wengi wa rika lake. Kwetu mzazi na mkwe wa jinsia nyingine hawazoeani. Mama mkwe na mume wa binti yake hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, hawatajani majina. Baba mkwe na mke wa mwanawe ni hivyo hivyo. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga selfi na wakwe zao, lakini si Mwalimu. Kwenye matanga fulani pale Bungoma mvua ilinyesha, watu wakajazana hemani, na mke wa mwanawe akaingia mbio kujikinga. Mwalimu aliinuka kwenye kiti chake, akatoka, akasimama kwenye mvua mpaka ibada ikaisha. Suti ilimganda mwilini. Watu walimwita kutoka hemani, "Mwalimu, rudi bana, hakuna mtu anaangalia." Akajibu, "Mimi najiangalia." Walimsifu kwa wiki nzima.

Shikeni hilo.

Jambo la mwisho kabla sijafika kwa dada yangu ni firigisi. Mwalimu alipenda kuku, na kwenye kuku alipenda firigisi, na kwenye firigisi alipenda kule kupewa. Kila mtu wa kwetu anajua firigisi ni ya mgeni mheshimiwa, na mwanamke haigusi. Ukimletea Mwalimu sahani, jicho lake lilizunguka mchuzini kuitafuta kabla hajafumba macho kuomba. Akiipata alianza kupiga hadithi. Akiikosa alikula kimya na kuuliza saa.

Sasa dada yangu. Nafula alinifuata kuzaliwa. Alianza kwa kuuza nguo za watoto sokoni Chwele, amezitandika chini kwenye turubai, na kwa sababu alikuwa na mdomo mtamu na miguu isiyochoka, alifika Guangzhou na kundi la wafanyabiashara na hakurudi nalo. Alibaki kule akikusanya mizigo ya Wakenya na kuituma nyumbani. Mume wake alikuwa amemtangulia Amerika, anaendesha lori. Wakawa familia ya bahari mbili. Binti yao, Nanjala, alizaliwa Amerika akapata pasipoti ya huko, na kila mara Nafula alipotaka kwenda naye China ilibidi mtoto aombewe viza: cheti cha kuzaliwa, nakala za pasipoti za wazazi, barua ya baba kwamba amekubali mtoto asafiri. Karatasi moja ikikosekana, mtoto na mama wanabaki pande mbili za dunia.

Yote hayo Mwalimu aliyaongoza kwa simu akiwa Kitale, sauti juu, dirisha wazi, ili barabara nzima isikie.

"Nafula! Hiyo barua ya baba ya mtoto, iko na muhuri ya wakili? Ati huna? Unataka wakurudishe airport na mtoto analia?"

Tulimshukuru. Kusema kweli tulimwabudu kidogo. Naye alitutumia kama bango. Kila mteja aliambiwa, "Niko na familia hapa, mguu moja Amerika, mguu ingine China, na wote wanapita mkononi mwangu." Hata mwanawe wa kiume alipotaka kujaribu bahati China, alipokelewa na Nafula. Alilala kwenye ghala la dada yangu, akala chakula cha dada yangu, akafundishwa njia na dada yangu mpaka akasimama mwenyewe.

Mwaka mmoja Nafula alirudi nyumbani na Nanjala, mara ya kwanza mtoto kuonekana kwetu Ndalu. Mama alichinja. Watu walijaa uwanjani. Mwalimu alikuja na pama yake, akawekwa kiti cha mbele, akainua pasipoti ya mtoto juu watu waione, akapigiwa makofi. Kisha chakula kikaletwa. Kwenye karamu ya mtoto, mjomba ndiye mkubwa, na mjomba wetu, kaka yake Mama, alikuwa amesafiri na baiskeli mbovu kutoka mbali. Mama alimpa mjomba firigisi. Mwalimu alipewa paja, tena nono.

Nilikuwa nimesimama na birika la kunawisha, nikamwona. Jicho lilizunguka sahani yake, likazunguka tena, kisha likatua kwenye sahani ya mjomba na kukaa hapo. Alikula kimya. Akauliza saa. Wakati wa kuaga alimwambia Mama, akitabasamu, "Nimeiona ikipita." Mama alidhani ni utani, akacheka. Mimi pia nilicheka.

Kisha Nafula akaugua. Alikuwa Amerika wakati huo, figo zikamkataa, akalazwa. Alipiga simu akamwomba Mama aende. Hakusema anakufa, alisema tu, "Mayi, njoo ukae karibu yangu." Mama aliyekuwa hajawahi kufika hata Nairobi alisema ataenda, akaanza siku hiyo hiyo kukausha kunde za kumpelekea.

Nilikwenda kwa Mwalimu. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikauliza habari ya mguu, nikarudi Jumanne, nikarudi Jumanne nyingine. Alipokubali kujaza maombi ya Mama kwenye kompyuta yake, nilimwambia neno moja tu. Palikuwa na mahali pa kuandika mtu anayemkaribisha huko Amerika. Nilisema, "Mwalimu, mwandike Nafula. Usimwandike mkwe. Unamjua Mama, huyo hatamtaja."

Aliinua kichwa akanitazama kupitia ule wavu.

"Sawa," akasema. "Usijali."

Tena kwa Mama hakufanya mazoezi. Yeye aliyemkaanga mkulima mpaka ng'ombe wakapatikana, kwa mama yangu alisema, "Wewe ni mtu mzima. Utajibu tu vizuri."

Nairobi sikuruhusiwa kuingia. Nilimsubiri Mama ng'ambo ya barabara na mfuko wa kunde mapajani. Alitoka mapema mno. Alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, na karatasi mkononi. Hakulia mpaka alipokaa.

Walimuuliza anaenda kwa nani. Akasema kwa binti yangu. Wakasema hapa umeandika mwanamume. Huyu ni nani? Akasema ni mkwe. Anaitwa nani? Mama akainama. Mkalimani, msichana mdogo, akamwambia, "Mama, sema tu jina." Mama akasema, "Ni mtu wa heshima, siwezi kumtaja." Anafananaje? "Sijawahi kumwangalia uso." Mliongea lini mara ya mwisho? "Hatuongeagi." Kwa mtu wa dirishani, huyo alikuwa mwanamke anayekwenda kulala kwa mwanamume asiyemjua. Akanyimwa viza. Simlaumu aliyeuliza. Angejuaje?

Niliporudi Kitale sikusalimia kwa mkono hata mmoja. Nilisimama mbele ya dirisha nikasema, "Mwalimu, nilikwambia umwandike Nafula."

Alikuwa akimenya chungwa. Hakuacha kumenya.

"Kwani huyo aliyekula firigisi," akasema, "hakuweza kumwandikia?"

Kisha akavuta ubao wa dirisha, akafunga. Fundi cherehani alisikia. Mama msusi alisikia. Wote wawili waliinamia kazi zao kwa bidii ya ajabu.

Tuliomba tena kupitia mtu mwingine, lakini siku ya mahojiano ilipangwa mbali, na Nafula hakuifikia. Alirudi kwa ndege akiwa ndani ya sanduku. Mkwe alimleta, na Nanjala ameshika koti lake. Mwalimu alikuja mazishini. Alihutubia. Alisema yeye ndiye aliyemfungulia marehemu milango ya dunia. Watu wakasema amina, na mimi nikauma ndani ya shavu mpaka nikaonja damu.

Lakini si hotuba hiyo iliyonikausha moyo. Ni Mama. Mpaka leo, akiwa anachambua mboga au anaota jua, huinua kichwa ghafla na kusema, "Kama ningetaja hiyo jina." Hivyo tu. Amejihukumu yeye. Anaamini alimuua mtoto wake kwa adabu. Nimemweleza mara nyingi kosa ni la nani, naye hutikisa kichwa na kusema, "Aliyeulizwa ni mimi." Hapo ndipo nilipoapa.

Nilijifunza kazi ya Mwalimu kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri kuliko yeye. Nilifungua saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, Bungoma mjini. Sina wavu. Nina benchi, chai, na mlango unaofunguka. Kila mzazi anayekuja kuomba viza, kabla sijauliza jina lake, namuuliza, "Unaenda kwa mwanao au kwa mkwe? Mkwe mnatajana?" Wakisema hapana, nawarudisha nyumbani kwanza. Kwetu iko njia ya kulegeza mwiko: mkwe hutuma blanketi, mzazi hulipokea mbele ya watu na kuchinja kuku, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana na kutajana. Nimesimamia mablanketi mengi, mengine yamenunuliwa Amerika na kupokelewa Chwele. Watu hao wamefika dirishani wakataja majina bila kutetemeka. Kidogo kidogo wateja wa Kitale wakahamia kwangu. Nilifurahi kila mmoja alipoketi kwenye benchi langu, na nilisubiri.

Mwezi uliopita alikuja.

Alishuka kwenye bodaboda akisaidiwa na dereva. Pama ilikuwa ile ile, imefifia. Macho yalikuwa na ukungu mweupe na alitafuta benchi kwa mkono. Watu walimjua, wakampisha. Alipozungumza hakuanza na shida. Alianza na salamu, akauliza habari ya Mama. Nikamjibu Mama yuko.

"Nekesa," akasema, "ya zamani tuliyazika na dada yako. Nimekuja kwako kama mtoto."

Nilitazama kalenda ukutani ingawa nilijua siku.

"Rudi Jumanne," nikamwambia.

Benchi zima likageuka kunitazama. Yeye akacheka, kicheko cha kweli kabisa. "Umesoma vizuri," akasema, na Jumanne akarudi. Nikamrudisha tena. Akarudi tena. Nikamkubali.

Shida yake ilikuwa hii. Mwanawe, yule aliyelala ghalani kwa Nafula, bado yuko Guangzhou. Mke wa mwanawe ni muuguzi Amerika, anakaa huko na watoto, na watoto husafirishwa China likizo kumwona baba, na baba naye sasa amepata viza ya kuwafuata Amerika mwisho wa mwaka. Familia ya bahari mbili, kama yetu. Mwalimu alitaka awepo siku hiyo. Alitoa simu, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akanionyesha picha ya wajukuu.

"Daktari amesema hii macho inafunga. Nataka niwaone kabla. Nikiwashika tu na sijawaona, ni kama sijaenda."

Nilimhurumia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Huruma ilikuja ikafika hapa kifuani, mkononi haikufika.

Tulianza kujaza. Jina, kuzaliwa, kazi, ile pasipoti yake isiyo na muhuri, sasa ya kizazi kipya lakini kwenye nailoni ile ile. Tukafika kwa mtu anayemkaribisha.

Akainamia upande wangu, akapunguza sauti. "Hapo mwandike mwanangu. Usimwandike yule mama watoto. Unajua mambo yetu."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile, mbele ya wavu. Hata maneno yalikuwa karibu kufanana.

"Sawa," nikasema. "Usijali."

Nikamwandika mke wa mwanawe. Jina lake la ubatizo, jina la kwao, anwani ya nyumba yake. Wala si uongo. Nyumba ni yake, aliyetuma barua ya mwaliko ni yeye, na mwanamume yuko China. Mtu yeyote wa dirishani atasema nilijaza sawasawa. Swali langu la kwanza, lile ninalomuuliza kila mzazi, sikumuuliza. Habari ya blanketi sikuitaja.

Nilimpa nafasi moja. Nilisema, "Mwalimu, nikusomee yote kabla hatujatuma?"

Akanyoosha mgongo. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Wewe unisomee mimi?" akasema. "Hii kazi umeitoa wapi? Tuma."

Nikatuma.

Kijana mmoja wa mjini, aliyekuwa akingoja zamu yake, akamuuliza, "Buda, hauogopi hizo maswali za interview?"

Mwalimu akavaa pama yake, akaiweka sawa. "Dirisha halina shangazi," akasema, "lakini mimi ndiye niliwafundisha watu kusimama."

Jana dereva wa bodaboda alileta kuku, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na salamu: Mwalimu amefika Nairobi salama, anashukuru, mahojiano ni Jumanne asubuhi. Nilimpeleka jogoo Ndalu. Nilitaka kuwa na Mama.

Leo ni Jumanne. Nimechinja mwenyewe, nimepika mwenyewe, na nimepakua mbele ya Mama. Akaona firigisi kwenye bakuli.

"Hiyo unamwekea nani? Hakuna mwanaume hapa."

"Ni yako, Mama."

Aliisukuma kwa ncha ya kidole, kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mezani. "Mimi sijawahi kula hiyo kitu. Sianzi leo." Kisha akaniuliza kuku ametoka wapi, nikamwambia ni mteja. Hakuuliza mteja gani. Alichukua kipande cha mgongo akala polepole, akitazama shamba.

Nimetazama saa. Wakati huu yuko kwenye foleni au ameshafika mbele. Ameshika pasipoti yake kama Biblia. Nyuma ya kioo wanamuuliza, huyu mwanamke ni nani, anaitwa nani, anafananaje, mliongea lini. Namjua. Hatamtaja. Yule aliyesimama kwenye mvua na suti yake atasimama hata pale, ainame, ajiangalie.

Nikalivuta lile bakuli. Mama akanitazama. Nikaitia firigisi mdomoni. Ilikuwa ngumu, sikuichemsha vya kutosha. Nikatafuna mpaka ikaisha.